Ukoko wa Mbeleje

Tofali la Lishe Makini likiingia kwenye maji ya moto hunuka kama kuku aliyetoka kunyonyolewa. Nimenyonyoa kuku wengi maishani na nimeyeyusha matofali mengi zaidi, kwa hiyo najua ninachosema. Mtu wa wilayani akija na karatasi yake iliyoandikwa kwamba chakula hiki hakina harufu, natamani nimshike kisogo nimwinamishe juu ya sufuria mpaka miwani iingie ukungu. Uji wenyewe ni wa kijivu. Ukipoa unaota utando, na utando huo ukiusukuma kwa mwiko unajikunja, unangoja uondoe mwiko, halafu unarudi taratibu kulala pale pale ulipokuwa.

Watoto arobaini na mmoja wa Shule ya Msingi Chihembe wanakunywa uji huo saa moja asubuhi na saa saba mchana. Hakuna anayelalamika. Hata mdogo wa miaka sita anainua bakuli, anameza, anarudisha bakuli. Hilo lilitakiwa kunishtua mapema, lakini mimi niliishia darasa la tatu, na kazi ya kushtuka wamepewa wenye vyeo, wanalipwa kwayo.

Upishi ulikuwa wa mke wangu, Nyemo. Jiko la umeme walilotuletea lilikufa mwaka wa pili, wakasema fundi anakuja, na fundi huyo bado yuko njiani. Nyemo akakoroga kwa kuni miaka kumi na mmoja, moshi unaingia puani na kutokea machoni. Mwaka jana wakati wa kupalilia kifua kikambana. Nikampakia kwenye baiskeli, nikamsukuma hadi zahanati.

Mezani alikaa kijana mmoja, zao la kwanza la Lishe Makini hapa kwetu, yule ambaye picha yake ilibandikwa ofisi ya kata. Alikuwa anajaza fomu ya mgonjwa aliyetangulia. Nyemo akaketi kwenye benchi mbele yake, hata hatua mbili hazifiki. Akaanza kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Nikamwita kijana kwa jina lake, nikampigia meza. Akasogeza karatasi mbali na mkono wangu, akaendelea kuandika. Nyemo akateleza, kichwa kikagonga sakafu karibu na viatu vya yule kijana. Kijana akavuta mguu wake pembeni. Alipomaliza mstari wa mwisho akafunika kalamu, akainua uso, akasema, "Mgonjwa anayefuata."

Nililalamika. Jibu likaja kwa barua yenye mhuri: mtumishi alifuata utaratibu wote, fomu haikuwa na kosa hata moja, na kitufe chake kilisoma mia muda wote wa tukio. Barua hiyo ninayo. Nilifikiri kuipeleka chooni ikafanye kazi, nikaona nitakionea choo.

Vitufe hivyo wanashonewa watoto kwenye kola siku ya kwanza ya shule. Kijani maana yake akili iko kwenye somo. Njano inaanza kutoka. Nyekundu imeshatoka, imekwenda kutazama kuku nje. Hesabu za vitufe vyote zinapanda kwenye ubao mkubwa getini, na huo ubao ndio wanaousoma wakubwa, hawamsomi mtoto. Shule ikishuka chini ya themanini, matofali yanapelekwa kwingine. Na kwa ukame huu wa mwaka wa tano, matofali yakiondoka hakuna kinachobaki kwenye bakuli.

Baada ya msiba upishi wakanipa mimi. Niliuchukua kwa sababu Mbeleje anasoma hapo.

*

Mbeleje ni mjukuu wangu, ana miaka tisa. Mama yake yuko Manyoni, anafuta vumbi kwenye vioo vya kuvuna jua, anarudi mara moja kwa mwaka akikohoa. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, na huyu utani aliujua kabla hajajua kufunga vifungo. Nikirudi shamba ananisimamisha mlangoni. Mume gani huyu, mbona amechakaa hivi, nani amemruhusu kuingia na miguu hiyo. Nikimwambia nitaoa mwingine ananijibu nioe, ila meno yangu mawili yaliyobaki nimwachie yeye, ni mali ya ndoa. Nyemo alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Na Nyemo ndiye aliyemzoesha ukoko. Nyumbani, ugali ukishapakuliwa, sufuria lilirudishwa motoni kidogo, halafu anakwanguliwa mtoto anayependwa. Kwa hiyo nilipochukua mwiko wa shule, Mbeleje alikuja jikoni siku ya kwanza tu baada ya chakula cha mchana, akapindua ndoo, akakaa, akanyoosha kiganja. Nikamkwangulia. Ule ukoko ndio pekee katika sufuria lile usioleta kinyaa: mkavu, wa kahawia, unanukia kama karanga. Alikula akilamba vidole. Nikajisikia mtu. Mchana ule ule nikaapa kwamba kila siku ukoko utakuwa wake, na nikatimiza mihula miwili mizima bila kukosa siku hata moja.

Kitabu cha mpishi kinasema ukoroge dakika arobaini. Mimi nina bega lililoteguka tangu ujana. Nilikoroga kumi, nikakaa.

*

Afisa Lishe wa wilaya ni mama mmoja anaitwa Hedwiga Kavishe. Anakuja mara moja kwa mwezi na gari lisilo na mlio, anapita madirishani na kioo chake mkononi, kinachomwonyesha vitufe vyote. Mwezi wa tatu nilikuwa naokota mabakuli barazani alipokuwa darasani pamoja na Mwalimu Mkuu, Mwalimu Lugala. Nikasikia anasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeonjeshwa asali, "Mia. Darasa zima."

Nikachungulia. Dawati la pili mstari wa dirishani alikaa Sechelela, binti wa jirani yangu. Damu ilikuwa inamtoka puani. Si tone, ilikuwa inatiririka, imefika kidevuni, inadondokea kwenye daftari, naye anaandika. Kalamu inapita kwenye damu, inachora mstari mwekundu, anaendelea. Watoto wanne wamemzunguka, hakuna aliyegeuza shingo. Mwalimu wa zamu anatazama ubaoni. Hedwiga anatazama kioo chake. Na aliyekaa ubavuni kwa Sechelela ni Mbeleje wangu. Damu ilipotambaa juu ya dawati kumfuata, Mbeleje aliinua daftari lake, akalisogeza mahali pakavu, akaendelea na hesabu.

Akavuta daftari lake pembeni. Niliona tena kiatu cha yule kijana wa zahanati.

Niliingia na kitambaa changu cha kushikia sufuria, nikambana Sechelela pua, nikamwinamisha. Alijaribu kuchungulia ubaoni kupitia kwenye kwapa langu. Hedwiga akanigusa bega akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba nimeingia eneo la kipimo na nimeshusha mtoto mmoja hadi tisini na nane.

Niliendelea kumbana Sechelela pua mpaka damu ikakata.

Mchana ule Mwalimu Lugala akaniita kunipa habari njema. Mbeleje ametimiza siku sitini na mbili bila njano hata moja. Hakuna mtoto wa kata hii aliyewahi. Mwisho wa mwezi atapimwa mara ya mwisho mbele ya Afisa, akivuka anakwenda Shule ya Taifa, kitanda chake, viatu vyake, masomo mpaka chuo kikuu. Hedwiga alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mzee Chibago, akaniambia, wewe unalea taifa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mbeleje ameketi kwenye kizingiti na kitabu. Nikajifanya mtu wa zamani.

"Mke wangu, leo umenipikia nini?"

Hakuinua uso. "Mimi si mke wako. Mimi ni mtoto wa binti yako."

Alisema hivyo kama anayesahihisha hesabu. Ndipo nikaona miguu yake. Siafu walikuwa wamepanda kutoka kwenye ufa wa kizingiti, wamejaa vidole vyote, wamemng'ata mpaka ngozi imevimba na kung'aa, na wengine wamezama vichwa katikati ya vidole. Mtoto amekaa hapo tangu saa kumi anasoma. Nilimbeba nikawang'oa mmoja mmoja, na vichwa vingine vikabaki ndani ya nyama. Kitufe kwenye kola yake kilikuwa kijani.

*

Kesho yake Hedwiga alikuwa bado yupo, anafunga ripoti ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Nilikwenda kumuuliza. Alikuwa anakula chapati na kuku wa kuchoma aliyefungiwa kwenye karatasi kutoka mjini, kucha zake zinang'aa mafuta. Harufu ya ile ndimu na pilipili ilinifanya nimeze mate bila kupenda, nikajichukia.

Nikamwomba anieleze kilichomo kwenye tofali. Akaeleza vizuri, siwezi kumsingizia. Sehemu kubwa ni chakula cha kweli: mtama, mafuta, madini ya chuma ya kutia damu. Hicho kinamwezesha mtoto kusoma, kwa sababu ubongo wenye njaa haushiki kitu. Lakini kushiba peke yake hakutoshi, mtoto aliyeshiba bado ataangalia ndege. Kwa hiyo kinaongezwa Kiungo M, kidogo sana, kinachofunga akili mahali ilipoelekezwa. Ni unga mzito kuliko uji, akasema, unapenda kuzama, ndiyo maana kitabu kinamtaka mpishi akoroge dakika arobaini. Halafu akanitazama. "Kwa nini unauliza, mzee?"

Nikaona kiganja cha Mbeleje kimenyooshwa juu ya ndoo. Mihula miwili nimekuwa nawalaani hawa watu, nalaani wizara, nalaani aliyebuni na aliyetia sahihi, na muda wote huo mwenye kukwangua chini ya sufuria na kumtilia mtoto mkononi ni mimi, tena kwa mapenzi.

Nikamwambia yote. Bega langu, dakika kumi, ukoko, kila siku. Nilitaka anifunge. Nilifika pale nikiwa tayari kupandishwa kwenye gari lake lisilo na mlio.

Hedwiga akafuta vidole kimoja kimoja. Akauliza kiasi gani kwa siku. Nikamwonyesha kiganja. Akauliza kwa muda gani, kama mtoto ametapika, kama anapata usingizi. Nilipomaliza kujibu, macho yake yalikuwa yanang'aa kuliko zile kucha.

"Siku sitini na mbili," akasema. "Kumbe ndiyo hiyo. Na hukuripoti kitu kama hiki?"

Palepale akaandika agizo. Kuanzia Jumatatu Chihembe itakuwa shule ya majaribio: sufuria litulie, ukoko ukwanguliwe wote, ugawiwe kwa watoto wote. Akanishukuru. Kipande cha ngozi ya kuku kilikuwa kimenasa kwenye jino lake, kinacheza alipokuwa anatabasamu.

Nikamuuliza watoto wake nao wanakunywa uji huu.

"Watoto wangu wana mazingira tofauti," akasema, akafunga mifupa kwenye karatasi.

Mwalimu Lugala alinisindikiza hadi nje. Si mtu mbaya, ni mtu mwoga, na anajua. Akanikumbusha wakati wa kabla ya matofali: watoto wanalala juu ya madawati saa nne asubuhi, wanatafuna chaki, darasa la saba linamaliza na nusu yao hawawezi kuandika majina yao. "Unataka turudi huko, Mzee Chibago? Ubao ukishuka wanachukua matofali. Utawalisha wewe?"

Mimi ni mmoja wa wale watoto. Nilikwenda shule tumbo tupu, herufi zikatembea ukutani kama sisimizi, mwalimu akanichapa kwa kusinzia, na siku moja nikapita mlango wa shule bila kusimama. Kama ningepewa bakuli moja la kitu chochote asubuhi, labda leo ningekuwa mtu wa kuandikiwa barua kwa heshima. Na sasa mjukuu wangu amefunguliwa mlango ambao mimi nilifungiwa. Nikinyamaza tu, anakuwa mtu mkubwa. Atakaa kwenye meza nzuri na kalamu nzuri, na mbele yake benchi.

*

Ungemwaga tu, mtu ataniambia. Hawakuacha nafasi hiyo. Sufuria lina mizani miguuni. Mfereji wa jikoni umewekewa kitu tunachokiita pua, kinachonusa Kiungo M, na geti lina pua nyingine. Tone likipita, kengele inalia wilayani. Jirani alifanikiwa mara moja, kabla ya pua, akampa mbuzi wake makombo. Mbuzi akaanza kutazama nguzo ya zizi. Akatazama siku tatu. Hakula, hakulala, inzi wakamtagia machoni, wale funza wakaanza kutambaa naye bado anaitazama nguzo, mpaka akaanguka nayo ikiwa mbele ya pua yake.

Ninalojua mimi ni hili: kila kilichomo sufuriani lazima kiingie kwenye mdomo wa mtu. Nikakitoa kitabu cha mpishi, nikakisoma neno kwa neno, kidole chini ya kila mstari, kwa siku mbili. Ukurasa wa sita umeandikwa: Mpishi ataonja. Haikuandikwa kiasi gani. Wenye elimu yao walisahau kwamba mpishi naye ana tumbo.

Jumatatu nikayeyusha matofali, sikukoroga kabisa. Niliacha litulie mpaka ule unga mzito wa kijivu ukashuka. Nikachota juu juu kwa upawa, taratibu kama mtu anayechota maji kisimani asitibue tope, nikawapa watoto uji wa mtama na mafuta. Kila mmoja nikamwekea pembeni kipande cha ukoko mwembamba wa ukingoni, ambao hauna kitu, ili macho ya mwalimu yaridhike. Mbeleje alipokuja kunyoosha kiganja nikamwambia ukoko wa chini ndio unaofunga akili, kuanzia leo ni wa babu. Halafu nikakaa kwenye ndoo yake na sufuria katikati ya magoti, nikaonja.

Ule wa chini, safari hii usiokorogwa hata kidogo, hauna harufu ya karanga. Ni mzito, unateleza, una ladha ya sarafu na ya kitu kilichovunda, na unashika kooni, huwezi kuumeza wala kuutema. Nilijizuia kutapika, kwa sababu pua iko kwenye mfereji. Nikakwangua, nikaonja, nikakwangua. Siku ya kwanza nilianza kusugua sufuria na nikaendelea kusugua mpaka Mwalimu Lugala akanivuta mkono saa kumi na moja, na viganja vyangu havikuwa na ngozi. Sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Sikumkumbuka Nyemo kutwa nzima, jambo ambalo halijatokea tangu nimzike.

Nikajifunza kwamba kitu cha kwanza kukitazama baada ya kumeza ndicho kinachokufunga. Basi nikawa namaliza kula nikigeukia dirisha la darasa la tatu. Kutoka jikoni kinaonekana kisogo cha Mbeleje, nywele zake zimesukwa mistari minne, na kitufe chini yake. Nilikitazama kisogo hicho wiki tatu. Nakijua kuliko uso wangu.

Siku ya tisa kitufe kikawa njano. Kuku alikuwa amepanda dirishani, na kichwa cha Mbeleje kikainama upande kidogo, kumtazama. Kilirudi haraka, lakini kiliinama. Nililia. Nusu ilikuwa furaha, siwezi kusema uongo. Nusu nyingine ni kwamba nilijua ninachomnyang'anya: kitanda chake, viatu vyake, chuo kikuu. Nilijibu kwa niaba yake swali ambalo hakuulizwa, kama wanavyofanya wao.

Ubao getini ulishuka. Tisini na sita, tisini na moja, themanini na nne. Mwalimu Lugala alikuja jikoni, akatazama sufuria lililong'aa, akanitazama mimi na mashavu yaliyoingia ndani. Nadhani alielewa. Aliondoka, akamwandikia Hedwiga kwamba vitufe vinahitaji betri.

*

Siku ya kipimo Hedwiga aliweka meza barazani, kioo mbele yake, mgongo kwenye jiko. Mbeleje alikalishwa dawati la mbele, milango wazi. Alitakiwa kufanya hesabu mia moja kwa saa moja bila kwenda njano.

Mimi nilikuwa nimeshaonja na nimekaa kwenye ndoo mbele ya moto, namtazama. Yaliyofuata mwanzoni sikuyaona, nimesimuliwa. Wanasema kijinga cha moto kiliruka kutoka kwenye kuni kikanasa kwenye pindo la aproni yangu. Wanasema ilianza kufuka, ikashika, ikapanda hadi pajani, na nikakaa vile vile, mikono magotini, natabasamu. Kwangu mimi kulikuwa na kisogo tu. Mistari minne. Kitufe cha kijani. Harufu ya nyama inayoungua niliisikia, lakini ilikuwa mbali, kama ya sherehe ya watu wengine.

Halafu kile kisogo kikageuka.

Kiligeuka kikawa uso. Nikaona macho, nikaona mdomo ukifunguka, na kwenye kola kitufe kikawaka chekundu. Kiti kikaanguka. Alipita mbele ya meza ya Hedwiga akabeba ndoo ya maji ya kuoshea mabakuli, yale machafu, yenye utando juu, akanimwagia yote kuanzia kifuani. Nyuma yake Sechelela alikuwa ameshasimama, taa nyekundu, na nyuma ya Sechelela wengine. Shule nzima ikamwagika barazani, arobaini na mmoja, wanasukumana, wanapiga kelele, mmoja ananipiga paja kwa daftari lake la hesabu kuzima cheche, kola zote zinawaka nyekundu tupu. Miaka kumi na mitatu shule ile haikuwa imesikika hivyo.

Mbeleje alisimama juu yangu na ndoo tupu, anahema.

"Mume gani huyu," akasema, "anaungua na anacheka tu. Na hayo meno ungeniachia nani?"

Nikajaribu kumjibu. Ulimi bado ulikuwa umefungwa, lakini machozi yalitoka, na utando wa kijivu ulikuwa unanitiririka kutoka nyusini hadi mdomoni, na kwa mara ya kwanza sikuona kinyaa.

Hedwiga alikuja na kioo chake akiwa amekikumbatia. Sauti yake haikupanda. Aliwaambia watoto wakae, hakukaa mtu. Akamwambia Mbeleje kwamba alikuwa hesabu ya sabini na tatu, zote sahihi, dakika kumi na sita tu zilibaki, na nafasi yake imepotea. Akamwambia Mwalimu Lugala kwamba shule imesoma sifuri, na atajua la kufanya na matofali. Mwalimu Lugala alikuwa amepiga magoti ananichania suruali kwa wembe na hakumsikiliza. Kesho tutajua tutakula nini. Sijasema nimelitatua hilo.

Kisha Hedwiga akamwinamia Mbeleje, kalamu tayari. "Kwa ajili ya ripoti. Kwa nini uligeuka?"

Mbeleje alimtazama. Alimjibu taratibu, kama unavyomweleza mtu mgumu wa kuelewa. "Babu alikuwa anaungua."

Hedwiga akaandika. Ngozi ya paja langu ilikuwa inatoka na kitambaa cha suruali pale miguuni kwake, Sechelela analia, watoto wanakimbilia maji mengine, moshi unampitia usoni. Aliandika hadi mwisho wa ukurasa, akageuza, akaendelea, na maji machafu yalipofika kwenye kiatu chake, akavuta mguu pembeni.

Mbeleje aliona. Akachuchumaa, akaniwekea mdomo sikioni.

"Babu," akaninong'oneza, "na huyu naye alikwanguliwa ukoko na nani?"